Je, wajua kamera za Technicolor hazikuwa na mkanda wa rangi ndani?

Kuna mlango mmoja maarufu sana katika historia ya sinema. Nyumba ya Dorothy, binti wa shambani huko Kansas, imebebwa na kimbunga na kubwagwa mahali asipopajua. Mpaka hapo kila kitu kina rangi ya chai ya mkandaa iliyopauka: kuta, uso wake, gauni, hata mbwa. Anashika kitasa, anafungua, na nje iko nchi ya Oz, maua mekundu, majani mabichi, njia ya matofali ya njano.

Kwa miaka mingi nilikuwa na maelezo yangu kuhusu tukio hilo, na niliyatoa kwa kujiamini kila wapenzi wa filamu za zamani walipokaa kubishana nani alikuwa mkali zaidi kati ya waigizaji Bogart na Cagney. Nilikuwa nasema hivi: The Wizard of Oz ya mwaka 1939 ndiyo filamu ya kwanza ya rangi, mpiga picha alitumia mkanda wa nyeusi na nyeupe mpaka mlangoni, akasimamisha kamera, akatia mkanda wa rangi, akaendelea. Maelezo mafupi, makosa matatu. Hakuna hata aliyenipinga, jambo linaloonyesha kwamba sikuwa peke yangu.

Nianze na la mlangoni. Hakuna aliyebadilisha mkanda pale. Ni kweli kwamba sehemu ya Kansas ilipigwa kwa mkanda wa kawaida, na nakala zake zikatiwa ukahawia. Lakini shoti yenyewe ya mlango ilipigwa kwa kamera ya rangi mwanzo hadi mwisho. Kilichokuwa cha kahawia ni nyumba. Mafundi walizipaka kuta za ndani rangi hiyo, wakamvika gauni la kahawia msichana aliyekuwa akisimama badala ya Judy Garland, mwigizaji wa Dorothy, naye akaipa kamera mgongo, akafungua mlango, akajiondoa pembeni. Kisha Judy Garland mwenyewe akaingia kwenye picha na gauni lake la buluu. Ujanja wa ndoo na brashi! Itazame tena uone: anayefungua mlango hatuonyeshi uso.

Kosa la pili, lile la "filamu ya kwanza", nitalikalia kidogo kwa sababu bado nalisikia kila mahali. Rangi ilikuwepo kwenye sinema karibu tangu sinema izaliwe. Miaka ya 1890 tayari watu walikuwa wanapaka filamu kwa mkono, fremu moja baada ya nyingine. Filamu ya Georges Méliès ya safari ya kwenda mwezini, ya mwaka 1902, iliuzwa pia kwa nakala za rangi. Karakana ya Elisabeth Thuillier mjini Paris ndiyo iliyomfanyia Méliès kazi hizo, na humo waliketi wanawake, kila mmoja na rangi yake moja, wakipitishiana mkanda. Mmoja anapaka njano tu siku nzima. Ukiangalia nakala iliyosalia unaona rangi inacheza kama ndimi za moto, kwa kuwa mkono wa binadamu hauwezi kupaka sehemu ileile sawasawa mara maelfu.

Mwaka 1908 Waingereza walikuwa na mfumo wao wa rangi, Kinemacolor. Mwaka 1922 ikaja The Toll of the Sea, akiigiza Anna May Wong, kwa mfumo wa Technicolor wa rangi mbili, nyekundu na kijani. Ni filamu inayoanzia na kuishia baharini, iliyopigwa kwa mfumo usioweza kuonyesha buluu vizuri. Sijui nani aliichagua hadithi hiyo, lakini namvulia kofia. Baada ya hapo Walt Disney akatoa katuni ya Flowers and Trees mwaka 1932, ya kwanza kuingia sokoni kwa mfumo wa rangi tatu, ikapata Oscar. Mwaka 1935 Becky Sharp ikawa filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote kwa mfumo huo. Mwaka 1938 watu walishamwona Errol Flynn akirukaruka msituni na nguo zake za kijani katika The Adventures of Robin Hood. Kwa hiyo Dorothy alipofungua mlango ule, watazamaji wa Marekani walishaona rangi kwenye sinema. Walichokuwa hawajaona ni rangi ikitumiwa kama habari yenyewe.

Sasa tuje kwenye lile kosa kubwa: mkanda wa rangi. Haukuwemo. Kamera ya Technicolor iliyopiga Oz, maua na matofali na kila kitu, ilikuwa imepakiwa mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe.

Technicolor haikuwa aina ya mkanda. Ilikuwa kampuni, iliyoanzishwa mwaka 1915 na Herbert Kalmus, Daniel Comstock na W. Burton Wescott. Hiyo "Tech" ni heshima kwa chuo cha teknolojia cha Massachusetts walikosoma wawili wa mwanzo. Na swali walilohangaika nalo lilikuwa hili: utaiwekaje rangi kwenye kitu kisichojua rangi?

Fikiria msimamizi wa soko anayetaka kujua kilichomo kwenye matenga yote ya leo, naye ana makarani watatu wa ajabu. Wa kwanza haoni kitu ila nyanya. Wa pili anaona mchicha tu. Wa tatu anaona bilinganya tu (buluu ya sokoni ni adimu, tuvumiliane). Kila mmoja anapita tenga kwa tenga akiandika idadi kwa penseli ileile nyeusi. Ukishika daftari moja huoni wekundu wowote, unaona namba. Lakini ukiwa na madaftari yote matatu, na ukajua lipi ni la nani, unaweza kulipanga upya soko zima bila kuwahi kufika.

Mkanda wa nyeusi na nyeupe ni daftari la namna hiyo. Weusi wake ni namba: hapa mwanga mwingi, pale kidogo. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kila karani anaona bidhaa yake peke yake, na kwamba wote watatu wanapita sokoni kwa wakati mmoja. Wakipishana hata dakika, mteja atakuwa ameshabeba nyanya.

Ndiyo maana nyuma ya lenzi ya kamera ile kulikaa vipande viwili vya kioo vilivyobanwa kuwa mchemraba, na kwenye ungio lao utando mwembamba wa madini uliopitisha sehemu ya mwanga na kuigeuza nyingine pembeni. Mwanga uliopita moja kwa moja ulipenya kichujio cha kijani na kuupata mkanda wa kwanza. Uliogeuzwa ulikutana na mikanda miwili iliyobanwa uso kwa uso. Wa mbele ulichukua buluu, na tabaka jekundu juu yake likaizuia buluu isipenye zaidi, hivyo wa nyuma ukabaki na nyekundu. Mikanda mitatu, lenzi moja, fremu 24 kwa sekunde.

Hapo kamera imemaliza kazi yake na bado hakuna rangi popote. Rangi ilitiwa maabara, na namna ilivyotiwa kila mwenye khanga nyumbani anaweza kuielewa.

Chukua khanga ya rangi mbili tatu, hasa ya bei nafuu, uikague kwenye pindo. Rangi zile hazikupigwa kwa mkupuo. Kitambaa kilipigwa rangi moja, kikaendelea mbele, kikapigwa nyingine. Palipotokea kuteleza kidogo utaona korosho imetoka nje ya mstari wake: upande mmoja uzi mweupe, upande wa pili rangi mbili zimepandana.

Technicolor walifanya hivyohivyo, ila kwenye filamu. Kutoka kwa kila mkanda wa nyeusi na nyeupe walitengeneza mkanda mwingine wenye jelatini, ile jeli ya kuchemsha mifupa na ngozi. Mahali palipopigwa mwanga jeli iliganda ikawa ngumu. Kwingine ikaoshwa kwa maji moto. Kilichobaki ni muhuri mrefu wenye vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Muhuri ukatumbukizwa kwenye rangi, kilima kirefu kikanywa nyingi, kifupi kidogo, kisha ukakandamizwa juu ya mkanda mtupu mpaka rangi ikahama. Mara tatu, mihuri mitatu. Kuteleza kwa nusu milimita kwenye khanga hakumuudhi mtu. Kwenye fremu yenye upana wa milimita 22 hivi, inayokuzwa mpaka ukuta mzima, Judy Garland angekuwa na midomo miwili. Ndiyo maana mikanda ilishikwa kwa pini zilizoingia kwenye vitundu vyake mpaka rangi imalize kuhama.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu hapa, nami lilinichanganya. Rangi za mihuri hazikuwa nyekundu, kijani na buluu. Zilikuwa kinyume chake: siani (samawati inayoelekea kijani), majenta (nyekundu inayoelekea zambarau) na njano. Sababu ni kwamba mwanga wa projekta ni mweupe, yaani una kila kitu, na kazi ya rangi iliyo kwenye mkanda ni kukataza. Zichukulie kama mabawabu watatu waliopangwa mlango mmoja. Siani anamkataa nyekundu tu. Majenta anamkataa kijani. Njano anamkataa buluu. Sasa viangalie viatu vya Dorothy. Pale mkanda umepakwa majenta nzito na njano nzito, siani hayupo kabisa. Kijani anafukuzwa, buluu anafukuzwa, nyekundu anapita peke yake hadi kwenye pazia. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900 viatu hivyo ni vya fedha. Filamu ilivifanya vyekundu, na ukishalipia mfumo kama huu, kuvaa viatu vya kijivu ingekuwa hasara.

Na gharama haikuwa mchezo. Kamera haikuuzwa. Studio iliikodi, ikaja pamoja na mafundi wake, na kwa kawaida pamoja na mshauri wa rangi. Jina la Natalie Kalmus, aliyewahi kuwa mke wa Herbert, limo kwenye orodha ya majina ya filamu nyingi mno za miaka ya 1930 na 1940, na waongozaji kadhaa waliona anawaingilia. Kwa upande mwingine, mtu anayezuia pazia la zambarau lisiwekwe nyuma ya gauni la chungwa ana hoja. Kamera zenyewe zilikuwa chache: kwa tukio la mji wa Atlanta kuungua katika Gone with the Wind, Desemba 1938, zilikusanywa saba.

Kugawa mwanga mara tatu pia kulimaanisha kila mkanda unapata kidogo, kwa hiyo ilibidi taa ziongezwe mno. Waliokuwepo kwenye upigaji wa Oz walisimulia joto la kupita nyuzi 38 ndani ya studio. Hizo ni kumbukumbu, si vipimo vya kituo cha hali ya hewa, lakini Bert Lahr, aliyeigiza simba, alikuwa ndani ya ngozi halisi ya simba, kwa hiyo sitabishana naye.

Mashine hiyo ilifika kwetu pia. King Solomon's Mines ya mwaka 1950 ilipigwa Kenya, Tanganyika, Uganda na Congo, na ikampatia Robert Surtees Oscar ya upigaji picha wa rangi. Mwaka 1951 mpiga picha Jack Cardiff akaiingiza mitoni Congo na Uganda kwa ajili ya The African Queen, ambako Katharine Hepburn aliugua tumbo vibaya. Yale matukio ya Bogart kuzama majini yalipigwa kwenye tangi huko Uingereza. Maji ya huku yalihofiwa kwa magonjwa.

Mwaka 1950 kampuni ya Eastman Kodak ilikuwa imeleta kile nilichodhani kilikuwepo tangu mwanzo: mkanda mmoja wa rangi unaoingia kwenye kamera ya kawaida. Wepesi na bei vikashinda. Foxfire ya mwaka 1955 ndiyo filamu ya mwisho ya Marekani kupigwa kwa kamera ya mikanda mitatu. Ila mkanda huo mpya ulibeba rangi ndani yake, na rangi za miaka ile huchuja: nakala nyingi za miaka ya 1950 na 1960 leo zimegeuka uwaridi, kama picha za harusi zilizoning'inizwa sebuleni mkabala na dirisha.

Mikanda mitatu haina cha kuchuja. Namba zake zimeandikwa kwa chembe za madini ya fedha, na ikitunzwa mbali na moto (ni ya plastiki iitwayo naitreti, inawaka vibaya) inasomeka leo kama ilivyosomeka 1939. Tatizo lake ni jingine: kwa miongo kila mkanda umesinyaa kwa kiwango chake, kwa hiyo makarani hawakubaliani tena tenga lilikaa wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta ziliweza kuilinganisha fremu kwa fremu, kwa usahihi uliozidi ule wa pini za maabara ya zamani. Oz ilipopitishwa huko, uso wa Ray Bolger, aliyeigiza sanamu ya majani, ulionyesha nyuzi za gunia kwenye vipodozi vyake.