Kibao cha ndani ya kabati la gemu hakitoki kwa mtarimbo

Jamani, wekeni mtarimbo chini. Kila anayetaka kutoa vibao vya ndani, vile vipande vya mbao vilivyogundishwa ubavuni mwa kabati la zamani la mashine ya gemu, ili afunge skrini bapa, huambiwa maneno yale yale: ng'oa misumari, kibao kitatoka chenyewe. Hakitoki! Kazi ya misumari ilikuwa kukibana kibao mpaka gundi ikauke. Baada ya hapo kinachoshika ni gundi, na gundi nyeupe ya mbao ikikauka vizuri huzidi nguvu nyuzi za mbao yenyewe. Ukitia mtarimbo, kinachoachia ni ubavu wa kabati: plaiwudi inabanduka tabaka, chipbodi inamegeka kama mkate mkavu.

TV ya chogo itoke kwanza, na aitoe fundi TV. Kioo chake hubaki na umeme mkali hata plagi ikiwa imechomolewa.

Sasa kibao. Usikibandue, kikatekate. Kama ni cha inchi 2 kwa 2, kipige msumeno wa meno madogo kukata upana wake, kila sentimita 4, ukiikwepa misumari, na usimamishe msumeno ikibaki milimita 3 kufika ubavuni. Halafu chukua patasi ya inchi 1 iliyonolewa, mteremko wake (upande ulionolewa mshazari) ukitazama ubavu wa kabati, uiweke kwenye kichwa cha kipande, milimita 3 juu ya gundi, ugonge kidogo kidogo. Kipande kinapasuka kufuata nyuzi na kuruka. Tazama ufa unakoelekea: ukiona unazama kuelekea ubavuni, acha hapo hapo, uanzie upande wa pili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu ya haraka tu.

Huku kwetu, Mikindani hadi Lindi mjini, hewa ya chumvi huwa imeshaila misumari. Ukivuta, kichwa kinakatika. Hiyo isikusumbue: kipande kikisharuka, shina linabaki limesimama, lishike kwa koleo, lizungushe kwanza ndipo uvute. Likigoma, lisage kwa tupa.

Mabaki yale ya milimita 3 yaondoe kwa patasi iliyolala na msasa. Utando wa gundi kwenye plaiwudi hulainika kwa pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu, sekunde chache, kisha unakwanguliwa. Kwenye chipbodi usithubutu: ikinywa maji inavimba na hairudi.

Na nikiri: chipbodi iliyokwisha kupata unyevu huchunika hata ukifuata yote haya. Hiyo mimi nashauri mabaki yaachwe, kibao kipya kigundishwe juu yake.

Toa vibao vya upande mmoja kwanza, baada ya kupigilia fito ya muda ya mshazari nyuma ya kabati. Pima kona kwa kona, mishazari yote miwili. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, sukuma kabati likae sawa kabla hujatia gundi mpya.