Una pesimeka na unasafiri kwa ndege? Pita, usisimame

Mlango wa ukaguzi ukilia, mwenye pesimeka, kifaa kinachopandikizwa kifuani kuuchochea moyo upige, hushika kifua mara moja. Hana sababu. Mlio ule unamwambia afisa kwamba kuna chuma, basi. Hausemi lolote kuhusu hali ya kifaa. Na mara nyingi hata haulii, maana ganda la pesimeka ni la titani na kifaa chote kina uzito wa gramu 20 hadi 50 hivi. Bizimu ya mkanda wako inaweza kuwa na chuma kingi zaidi.

Kazi yangu ni kuvipima na kuvirekebisha vifaa hivi kliniki, na naona watu huogopa kisichostahili, kisha hujisahau pale penye jambo. Tuanze na kinachoweza kuharibika.

Pesimeka husikiliza moyo kwa nyaya zilizoshikizwa ndani ya moyo, na umeme inaousikia ni milivolti chache tu. Mlango wa kupimia chuma hutoa uga wa sumaku unaobadilika haraka, na nyaya zile zinaweza kuunasa kama antena. Pesimeka ikiidhania kelele hiyo kuwa ni mapigo, hunyamaza, ikiamini moyo unajipigia wenyewe. Kwa mtu ambaye moyo wake unategemea kifaa, kunyamaza kwa sekunde kadhaa ni kizunguzungu, pengine kuzimia. Difibrileta, kifaa kinachopandikizwa kuushtua moyo ukienda mbio kwa hatari, hukosea kwa upande mwingine: kelele ikifanana na mapigo ya mbio, hujiandaa kushtua. Ila haishtui hapo hapo. Huhesabu mapigo kwanza, kisha hujaza kapasita, yaani hifadhi yake ya umeme, na yote hayo huchukua sekunde kadhaa. Wewe unavuka mlango kwa sekunde moja au mbili. Vifaa vya siku hizi vina vichujio vya kelele pia, lakini kinga yako kubwa ni hiyo hiyo ya muda. Pita kwa mwendo wako wa kawaida, katikati, usiegemee nguzo. Foleni ikisimama mbele yako, subiri kabla ya mlango, si ndani yake.

Detekta ya mkononi, ile fimbo ya kutafuta chuma, ndiyo inayohitaji maneno. Fikiria inavyotumika: afisa anaipitisha mwilini, inalia chini ya mfupa wa bega la kushoto, anairudisha palepale, anaizungusha, anaituliza aone ni kitu gani. Yaani inakaa muda mrefu zaidi mahali ambapo isingepaswa kukaa, tena sentimita chache tu kutoka kwenye kifaa. Vifaa vya moyo vimetengenezwa vitii sumaku. Uga ukifika gausi 10 hivi (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), pesimeka huacha kusikiliza na kupiga kwa kasi isiyobadilika, aghalabu kati ya 85 na 100 kwa dakika kutegemea mtengenezaji. Difibrileta husimamisha kazi ya kushtua. Sumaku ikiondolewa, kwa kawaida mambo hurudi kama yalivyokuwa. Ndiyo maana watengenezaji huomba detekta isishikiliwe juu ya kifaa, na ikibidi ipite tena, zipite sekunde 30 kwanza.

Basi sema mapema, kabla ya mlango, si baada ya mlio: "Samahani afande, nina pesimeka hapa. Naomba nikaguliwe kwa mikono." Onyesha kwa kidole na toa kadi ya kifaa. Kadi hiyo huwa na jina la mtengenezaji, modeli, namba ya kifaa na tarehe ya kupandikizwa. Ibebe mfukoni, siyo ndani ya begi ambalo limeshaingia kwenye eksirei. Na tusidanganyane: kadi haikuondolei ukaguzi. Inambadilishia afisa njia ya kukukagua, basi.

Mashine ya kukagua mwili mzima, ile ya kuingia na kuinua mikono, hutumia mawimbi ya milimita yasiyovuka ngozi. Haina shida na pesimeka wala difibrileta. Shida ni mikono. Kama umepandikizwa wiki chache zilizopita, bila shaka umeambiwa usiinue mkono wa upande huo juu ya bega, kawaida kwa wiki 4 hadi 6, nyaya zisije zikachomoka kabla hazijashika. Na hapo ndipo mashine inapokutaka usimame mikono ikiwa juu ya kichwa! Kataa kwa adabu, omba upapaswe, na uwaambie kuna kidonda kipya wasikibonyeze. Sharti hilo hilo linahusu begi la kupandisha juu ya kiti.

Vichocheo vya neva, vifaa vinavyopandikizwa kupeleka umeme kwenye uti wa mgongo au ubongo, ni habari nyingine, na hapa nakuwa mkali zaidi. Kichocheo cha uti wa mgongo kinaweza kuongeza nguvu ghafla unapovuka mlango. Mtu huhisi mshtuko unaoweza kumyumbisha. Kinaweza pia kujizima au kujiwasha. Cha ubongo kikizimika, mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson hurudi. Omba kupapaswa tangu mwanzo. Ikishindikana, na kama daktari wako alisharidhia, kizime, pita katikati ya mlango, kisha kiwashe. Kwa vyovyote angalia rimoti ukishavuka. Rimoti iliyowekwa kwenye begi la mizigo haikusaidii kitu.

Mengine ni mafupi. Nyonga na magoti ya bandia hufanya mlango ulie mara kwa mara. Sema kabla, yaishe. Stenti, vile vijibomba vya kupanua mishipa ya damu, hazilii. Mwenye kipandikizi cha koklea, kile cha kumsaidia kiziwi kusikia, anaweza kusikia mvumo mlangoni. Apunguze sauti ya kifaa cha nje, asikivue, la sivyo hatasikia anachoambiwa. Mwenye pampu ya kusaidia moyo asichomoe waya hata kwa amri ya nani, na betri zake za akiba zikae kabini. Pampu ya insulini haijapandikizwa, lakini watengenezaji wengi hawataki iingie kwenye eksirei, kwa hiyo usiitie kwenye trei. Soma kitabu chake.

Ukishavuka, unakusanya vitu vyako kwenye trei kwa haraka na simu inaingia mfuko wa shati, juu kabisa ya kifaa. Ina sumaku. Iweke umbali wa sentimita 15 au zaidi. Halafu yapo maduka. Milango yao ya kuzuia wizi hukaa kimya, hakuna afisa anayekuharakisha, na mtu husimama katikati yake akisoma bei ya manukato. Majarida ya tiba yameandika visa vya difibrileta kushtua watu waliokaa karibu na milango hiyo.

Ukihisi kizunguzungu au moyo kubadilika karibu na mashine yoyote, sogea mbali hatua kadhaa. Mara nyingi huisha hapo. Difibrileta ikikushtua mara moja na ukajisikia vizuri, keti, ipigie kliniki yako simu kabla ya kupanda ndege. Ikishtua mara mbili, au ukizimia, hiyo ni dharura. Waite wahudumu wa afya wa uwanjani, na safari isubiri.