Waluddite Hawakuchukia Mashine

Anayesita kupokea teknolojia mpya huitwa Mluddite, kwa kumbukumbu ya wafumaji wa Uingereza walioanza kuvunja mashine mwaka 1811, eti kwa kuogopa maendeleo. Sivyo ilivyokuwa. Mashine ya kufumia soksi ilibuniwa na William Lee mwaka 1589. Basi chombo walichokivunja huko Nottinghamshire kilikuwa na zaidi ya miaka 200, na wao wenyewe ndio waliokiendesha kwa ustadi.

Walichopinga ni namna kilivyotumiwa: matajiri waliopunguza ujira, walioajiri watu wasiofundishwa kazi ipasavyo, na waliouza soksi hafifu zilizokatwa kwenye kitambaa kipana na kuungwa kwa mshono, zikafumuka upesi na kuiharibia kazi yao jina. Mara nyingi mashine za tajiri aliyelipa ujira wa haki waliziacha salama, na hilo, kwangu, lina uzito kuliko yote. Mtu anayeogopa chuma hachagui hivyo. Anayechagua ameshajiuliza chombo kinamnufaisha nani na kinamuumiza nani. Bunge halikuwasikiliza. Mwaka 1812 likapitisha sheria ya adhabu ya kifo kwa mvunja mashine.