Kikohozi kikiingia bwenini: maswali ya wazazi na walimu

Mimi ni muuguzi, na maswali haya ninakutana nayo kila ninapoitwa kwenye vikao vya wazazi wa shule za bweni. Yanahusu hasa influenza, yaani mafua makali, na UVIKO-19. Yote mawili hupita njia moja: hewa anayoitoa mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba mstarini.

Mafua si yapo siku zote? Kuna haja gani ya kuitisha kikao?

Mafua ya kawaida hayahitaji kikao, kweli. Influenza ni habari nyingine. Mtoto aliyecheza mpira asubuhi, jioni hainuki kitandani: homa imepanda ghafla, kichwa na viungo vinauma, kikohozi kikavu. Dalili hutokea siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na mtoto huanza kuambukiza wenzake takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo matroni anapomsikia wa kwanza akikohoa, anayelala deka ya juu yake huenda ameshaupata.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, na kesho yake ikatangazwa kufungwa kwa shule. Nani alipata nafasi ya kujipanga? Kidato cha sita walirudi 1 Juni, wengine 29 Juni. Majirani zetu Uganda walisubiri mpaka Januari 2022 ndipo shule zote zikafunguliwa.

Tumeshanunua ndoo za kunawia. Si inatosha?

Hapana, ingawa ndoo zibaki. Nazo zina ugonjwa wake: siku ya kwanza sabuni ipo, kufika Jumatano kipande kimeyeyuka au kimehamia bwenini kufulia soksi. Yeyusheni sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, mtoboe kifuniko, mwifunge kwa kamba kwenye ndoo au kwenye kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu. Hakuna atakayeiba maji ya povu.

Ila mikono ni nusu ya kazi. Ingieni darasani saa tano asubuhi, watoto 80, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, moja limezibwa na kabati la vitabu. Ile harufu nzito inayokupokea mlangoni ni pumzi zao wenyewe, wanazivuta upya. Hamisheni kabati. Fungueni madirisha ya pande zote mbili hewa ipite, na mvua ikinyesha fungeni upande unaopigwa tu. Hili halina gharama, na ndilo ninaloliona likifanyika kwa nadra kuliko yote.

Bwenini vitanda vimebanana, tufanyeje?

Kama nafasi ya kuvitenganisha haipo, walale mzungu wa nne: huyu kichwa huku, jirani yake kichwa kule. Watoto watacheka siku mbili, kisha watazoea.

Halafu kile chumba cha wagonjwa. Shule moja walinifungulia nikakuta majembe, viti vilivyovunjika na magunia ya maharage. Kitoeni ustoo leo, kabla hakijahitajika. Kiwe na dirisha linalofunguka, vitanda viwili vitatu, kipimajoto, ndoo ya maji, sahani na vikombe vyake. Mhudumu awe mmoja, na yeye na mgonjwa wavae barakoa.

Mtoto akichemka, tumpe dawa ya malaria?

Apimwe kwanza. Kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kikisema hakuna malaria, basi msimpe "kwa usalama". Antibiotiki nazo haziui virusi vya mafua. Mpeni parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, maji mengi, uji, apumzike. Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua au homa ya virusi; inaweza kumletea madhara mabaya ya ini na ubongo.

Na kujifukiza?

Mvuke haujathibitika kuua virusi. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi na mtoto ndani yake, huko tunatafuta majeraha ya moto.

Wakati gani tukimbie kituo cha afya?

Akihema kwa shida au mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, akipata degedege, akishindwa kunywa, au akiwa mlegevu haamki vizuri. Mtoto wa chekechea asiyefika miaka 5 akihema mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, msisubiri asubuhi. Mwenye pumu aangaliwe mapema zaidi. Kwa ushauri, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Kikohozi kilichofika wiki mbili ni jambo jingine: apelekwe apimwe kifua kikuu, ambacho vipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali.

Arudi lini darasani?

Akikaa angalau saa 24 bila homa, na bila dawa ya kuishusha, na awe anaendelea vizuri. Hapa walimu mnisamehe: ile zawadi ya mahudhurio ya asilimia 100 inawaleta watoto shuleni wakiwa wanatetemeka. Ifuteni.

Tutajuaje kwamba sasa ni mlipuko?

Daftari la mahudhurio litawaambia kabla ya daktari. Darasa ambalo kwa kawaida hukosa wawili likikosa tisa, wote kikohozi na homa, mwalimu mkuu aijulishe zahanati siku hiyohiyo, nayo itampasha mganga mkuu wa wilaya. Na wazazi, leteni namba za simu zinazopatikana. Nilishawahi kukaa na matroni saa nane usiku tukipiga namba sita za mzazi mmoja, zote hazipatikani, na mtoto anahema.