Kusomea mitishamba chuoni: maana yake ni nini?

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusomea tiba asili kwa ngazi ya stashahada, bibi yake, yaani mama yangu mzazi, mwenyeji wa Kilolo, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo anakwenda kusomea uganga?" Hakuuliza kwa dharau. Alikuwa na hofu, akitaka kujua mjukuu wake atarudi nyumbani na kitu gani. Tangu siku hiyo nimelisikia swali hilo Iringa mjini, Makambako na Mbeya, na kila mara naona anayeulizwa anababaika. Nitajaribu kulijibu hapa kadiri ninavyolielewa.

Kwetu jina "mganga" limebeba watu watatu. Yupo anayejua miti: mzizi upi ni wa tumbo, jani lipi ni la kikohozi. Yupo anayeunga mifupa au kuzalisha. Na yupo anayeagua, anayekaa mkekani akakwambia jirani yako ndiye mbaya wako. Chuo kinashughulika na wale wawili wa kwanza, hasa yule wa miti. Ramli haimo kwenye mtaala. Nyanda za Juu Kusini tuna sababu nzito ya kusisitiza mpaka huo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na mwanzoni mwa 2019 Njombe ilizika watoto waliouawa katika matukio yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Mzazi wa Njombe akisita kumpeleka mwanawe kusoma kitu kinachoitwa tiba asili, namwelewa kabisa. Ndiyo maana anastahili kuelezwa vizuri.

Sheria yetu, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inataja vitu viwili. Tiba asili ni maarifa yaliyotoka kwa wazee wetu wenyewe. Tiba mbadala ni mifumo iliyokuja kutoka kwingine na isiyo ya hospitali, kama sindano za Kichina na naturopathia. Hii naturopathia ndiyo inayowachanganya wengi, maana watu hudhani ni jina la kizungu la mitishamba, kumbe ni pana kuliko hapo. Ni mtazamo kwamba mwili una nguvu ya kujiponya na kazi ya tabibu ni kuusaidia: kwa chakula, maji, mazoezi, usingizi, kukanda mwili, na dawa za mimea zikiwa sehemu mojawapo tu. Mizizi yake iko Ujerumani ya karne ya 19, ambako padri Sebastian Kneipp alikuwa maarufu kwa kutibu watu kwa maji baridi, matembezi na majani. Benedict Lust, Mjerumani aliyehamia Marekani, ndiye aliyelieneza jina hilo kule mwanzoni mwa karne ya 20.

Ndani ya naturopathia kuna mambo ambayo yeyote atayaunga mkono, kama kumwambia mwenye presha apunguze chumvi na atembee. Kuna mengine, kama homeopathia, ambayo dawa huzimuliwa hadi pengine haibaki hata chembe ya kitu cha mwanzo, na majaribio ya kisayansi hayajaonyesha kuwa inatibu. Mwanafunzi mzuri hayabebi yote kama gunia moja. Anamwuliza mwalimu wake: hili tumelijuaje?

Tukirudi kwenye mitishamba yenyewe, kuna jambo nimelitafakari sana. Wengi hudhani mwanafunzi anakwenda chuoni kujifunza miti mingi zaidi. Ukweli ni kwamba bibi wa Kilolo au mzee wa Rungwe aliyekulia msituni anaweza kumshinda mhitimu yeyote kwa idadi ya miti. Kinachoongezwa na chuo ni kitu kingine: kipimo. Mti gani hasa, sehemu ipi, umevunwa lini, umeandaliwaje, kiasi gani, kwa nani, na lini uache.

Anza na "mti gani hasa". Jina moja la mti linaweza kumaanisha mmea huu kwa Wahehe na mmea mwingine kabisa kwa Wasafwa, na mmea mmoja unaweza kuwa na majina manne kati ya Mafinga na Tukuyu. Ukinunua magome yaliyotandazwa kwenye turubai pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji anakupa jina analolijua yeye. Ndiyo maana mwanafunzi hulazimika kujua jina la Kilatini, na hufundishwa kukata tawi lenye jani na ua, kulilaza katikati ya magazeti, kulikandamiza mpaka likauke, kisha kuandika limetoka wapi na lini. Tawi hilo hupelekwa kwenye hifadhi ya mimea mikavu likalinganishwe na mengine. Kazi hiyo inachosha. Hata hivyo bila hiyo, kila kinachofuata ni kubahatisha.

Halafu sehemu ya mmea. Mshubiri tunao uwanjani karibu kila nyumba. Ute mweupe wa ndani ya jani watu hupaka kwenye ngozi. Ila chini kidogo tu ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu sana, unaoharisha vibaya, na mjamzito hapaswi kuunywa. Jani ni lilelile, na kisu kikipita pembeni kidogo umetoa dawa nyingine. Au chukua mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Mafuta yake yametumika tangu zamani kulainisha choo, lakini mbegu yenyewe ina risini, sumu inayoweza kuua. Sumu hiyo hubaki kwenye mashudu, haiingii kwenye mafuta yaliyokamuliwa vizuri. Aliyefundishwa hivyo hatampa mtu mbegu atafune.

Kuhusu kiini kinachofanya kazi ndani ya mmea, sisi wa nyanda za juu hatuna haja ya mfano wa mbali, tunayo pareto, maua yanayotengenezewa dawa ya kuua wadudu. Mkulima wa Umalila anajua kwamba maua hayanunuliwi kwa uzito peke yake, wanaangalia na "sumu" iliyomo. Anajua ua likichumwa changa sumu haijakolea, na kwamba likikaushwa vibaya linapoteza thamani kabla halijafika kiwandani Mafinga. Mkulima huyo tayari ameshaelewa nusu ya somo ambalo chuoni huitwa famakognosia, yaani elimu ya dawa zitokanazo na mimea na viumbe vingine. Nusu iliyobaki ni maabara: kutenganisha kemikali, kuitambua na kuipima kiasi. Na unyevu wa Njombe mwezi wa Juni ni somo lake peke yake, maana mizizi iliyoanikwa kwenye ukungu huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu isiyoonekana kwa macho.

Uandaaji nao una hadithi ninayoipenda. Dawa mseto ya malaria, ile tunayoiita ALu, inayotumika nchini tangu 2006, ina kiambata kilichoanzia kwenye mmea wa Kichina, Artemisia annua. Mtafiti Tu Youyou aliuchemsha mmea ule, dawa haikufanya kazi ipasavyo. Akarudi kusoma maandishi ya tabibu wa kale, Ge Hong, akakuta pameandikwa uloweke majani kwenye maji kisha uyakamue. Hapakutajwa moto. Akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia njia isiyohitaji joto kali, na hapo dawa ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Maandishi ya mzee wa kale yalibeba ufunguo, na maabara ndiyo iliyougeuza. Lakini hadithi hiyo isikufanye unywe chai ya atemisia ukiugua malaria. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo, kwa sababu kiasi cha dawa kwenye kikombe hakitabiriki, na dozi pungufu huwafundisha vimelea usugu.

Kiasi ndicho kiini cha yote. Uingereza, katika karne ya 18, daktari William Withering alisikia kwamba kuna mama mmoja wa kijijini anayetibu uvimbe wa mwili kwa mchanganyiko wa majani mengi. Akatambua kwamba jani linalofanya kazi ni moja, la Digitalis. Kisha alitumia kama miaka kumi kutafuta kiasi chake, kwa sababu jani hilo likizidi husababisha kutapika, macho kuona rangi visivyo, na moyo kusimama. Aliamua majani yavunwe kipindi mmea unapotoa maua, yakaushwe, yasagwe unga, na unga huo ndio upimwe. Mwaka 1785 aliyachapisha aliyoyaona, pamoja na wagonjwa ambao mambo hayakuwaendea vizuri. Yule mama alikuwa na dawa ya kweli mikononi mwake. Kilichokosekana ni kipimo na kumbukumbu iliyoandikwa, nami naona pengo hilohilo kwa wazee wetu wengi.

Hapa kusini kuna sababu nyingine ya kusoma, nayo hainipi usingizi. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, ilhali wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Maana yake, tabibu wa mitishamba wa mkoa wowote kati ya hiyo anahudumia kila wiki watu wanaomeza ARV, wamwambie wasimwambie. Na ipo mimea inayolisukuma ini liondoe dawa mwilini haraka kuliko kawaida. Uliothibitishwa vizuri ni Hypericum perforatum wa Ulaya, unaoshusha kiwango cha baadhi ya ARV kwenye damu. Ndugu wa mmea huo huota kwenye milima yetu, na mimea yetu mingi haijapimwa kabisa kwa upande huo. Swali la kwanza la mhitimu kwa mgonjwa linapaswa kuwa: unatumia dawa gani nyingine? Kama chuo hakimfundishi kuuliza hivyo, hakijamfundisha kitu.

Vilevile lazima ajue mahali mkono wake unapoishia. Mfano ni degedege. Wazee walilihusisha na ndege au pepo, na wengine waliamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo wakaanza kwa mganga. Leo tunajua kwamba degedege mara nyingi ni malaria kali, au homa kali ya ugonjwa mwingine, na kila saa inayopita ina thamani ya uhai. Aliyesoma hapiki jani hapo. Anambeba mtoto, anatafuta bodaboda, anakimbilia kituo cha afya. Au mama akija analalamika "chango", mwanafunzi hufundishwa kwamba jina hilo moja linaweza kufunika maumivu ya hedhi, uvimbe kwenye kizazi, maambukizi au minyoo, na kwamba vipimo vitangulie kabla ya kikombe cha mizizi.

Nitaje kwa kifupi na hatima ya miti yenyewe. Magome ya Prunus africana, mti wa misitu ya milimani, huuzwa nje kwa dawa za tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa sababu miti ilikuwa inachunwa gome pande zote ikafa imesimama. Kuvuna gome upande mmoja na kuacha mwingine upone, kupanda kabla ya kuvuna, hayo nayo ni masomo.

Kwa mzazi anayefikiria ada: hakikisha kozi inatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, ambako cheti huwa ngazi ya 4 na 5 na stashahada ngazi ya 6. Kuhitimu peke yake hakumruhusu mtu kufungua kliniki. Anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililo chini ya Wizara ya Afya, yeye, kituo chake na dawa zake. Mbeya kuna ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo habari za uchunguzi wa dawa unaweza kuziulizia huko kwanza. Tembelea chuo uone kama kina bustani ya mimea na maabara yenye mizani. Wale watakaotaka kufika mbali zaidi wajue kwamba kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianza Muhimbili tangu 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991.

Likizo ya kwanza, mpwa wangu alirudi Kilolo na begi lililojaa magazeti ya zamani na mizani ndogo. Akamwomba bibi amwonyeshe majani yake ya kikohozi. Bibi alifurahi, akampeleka hadi kijitoni, wakachuma, wakalaza matawi mawili gazetini. Kisha mpwa akauliza unatia kiasi gani kwenye sufuria. Bibi akasema, "Konzi moja." Akamwomba achote konzi hilo mara tatu, kila moja aliweke kwenye mizani. La tatu lilikuwa karibu mara mbili ya la kwanza. Mama yangu aliitazama mizani kwa muda, akaitazama mikono yake, akauliza, "Sasa mjukuu wangu, hapo lipi ndilo dawa?" Kijana akasema bado hajui, bibi. Akafungua daftari, akaandika yote matatu.