HD ya kweli na HD ya kupandishwa: tazama nyavu, si nembo

"Chaneli imeandikwa HD, basi mechi ni HD." Hii ndiyo dhana inayowapotosha wapenzi wengi wa mpira. Chaneli ya HD (picha ya ubora wa juu) hutoa mistari 1080, au 720, kwa kila kinachopita humo, hata kama kamera za uwanjani zilipiga kwa ubora wa kawaida. Kituo huipandisha picha kabla ya kuirusha. Sasa piga hesabu. Picha ya kawaida ina pikseli (vidoa vinavyounda picha) 720 kwa 576, yaani 414,720. HD kamili ina 2,073,600, mara tano haswa. Hizo za ziada mashine imezikisia kwa kutazama pikseli za jirani. Itazilainisha kingo, lakini namba ya jezi ambayo kamera haikuinasa haiwezi kuirudisha.

Ukitaka kuitambua HD ya kupandishwa, usihukumu kwa sura ya mchezaji iliyovutwa karibu, maana hapo picha zote hupendeza. Subiri kona, kamera ya juu ikionyesha kumi na nane nzima. Kwenye HD ya kweli utayaona matundu ya nyavu. Kwenye ya kupandishwa nyavu ni ukungu mweupe. Ila tuitendee haki HD ya kweli: data zake zikibanwa mno wakati wa kurushwa, majani na mashabiki huvunjika vipande kamera inapokimbia. Ikitulia, picha hurudi safi. Ya kupandishwa haisafiki hata kamera ikisimama.

"Dijitali ni HD." Hapana. Analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, 31 Desemba 2012, kilichobadilika ni njia ya kurushia matangazo. King'amuzi cha dijitali kinaweza kuleta picha ileile ya mistari 576.

"Kebo ya HDMI au TV ya 4K itairekebisha." Kebo hupitisha ilichopewa, na TV ya 4K, yenye mistari 2160, hukisia zaidi.

"Kupandisha ni utapeli." Si lazima. Super Bowl (fainali ya mpira wa Kimarekani) ya Februari 2020, kituo cha Fox cha Marekani kiliitayarisha kwa 1080p (mistari 1080, picha nzima kila mara) yenye HDR (mwanga na rangi pana zaidi), kisha kikaipandisha hadi 4K, na kilisema hivyo wazi. Chanzo kilikuwa HD kamili. Ndiyo tofauti kubwa na kuanzia mistari 576.

"720p, HD ya mistari 720, ni HD bandia." Nayo si kweli. 1080i, HD ya mistari 1080 inayorushwa na chaneli nyingi, hutuma nusu ya mistari kwa zamu, wakati 720p hutuma picha nzima kila mara, hivyo mpira unaokwenda kasi hauachi kingo zenye meno. ESPN HD, chaneli ya michezo ya Marekani, ilipozinduliwa Machi 2003, ilichagua 720p.