Nasibu ziko mbili jamani

Jana tena. Namaliza kueleza darasani jaribio la saikolojia, mkono unanyooka kule nyuma, na kabla hajafungua mdomo nishajua kinachokuja: "Lakini hao walikuwa wanafunzi 60 tu, wa chuo kimoja, hawakuchaguliwa kwa nasibu, sasa hapo pamethibitishwa nini?" Na ukumbi mzima unaitikia kwa vichwa kama vile kumetolewa hukumu. Nimeisikia hii kutoka kwa wasomi kabisa, mwaka baada ya mwaka, na leo nimeishiwa upole.

Nadhani lugha nayo inatuponza. Tunasema "kwa nasibu" kwa vitu viwili visivyo na undugu wowote. Kuna kuwachagua watu kwa nasibu kutoka kwenye jamii, na kuna kuwagawa kwa nasibu watu ulionao tayari, huyu kundi hili, huyu kundi lile. Nasibu ya kwanza inakusaidia kusema matokeo yanamhusu nani. Ya pili inakusaidia kusema nini kimesababisha nini. Basi. Unaweza kuwa na moja bila nyingine, na tafiti kibao hazina hata moja, ila hizo sijui kwa nini hazinyooshewi mkono.

Ya kwanza naipita haraka. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest kule Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na walioona karatasi ile inastahili kurudishwa hawakuwa sawa na walioitupa. Kwa hiyo wingi wa watu haukuokoi, tumemaliza.

Sasa jaribio lililoleta ule mkono, la Festinger na Carlsmith, 1959. Wanafunzi wa kiume wa Stanford walikalishwa saa nzima wakifanya kazi ya kuua mtu kwa uchovu: kujaza vigurudumu vya uzi kwenye sinia, kuvitoa, kuvijaza tena, halafu kugeuza vigingi 48 kimoja kimoja, robo mzunguko, mpaka muda uishe. Baadae wengine wakapewa dola 1 na wengine dola 20 wamdanganye anayefuata kwamba kazi ni tamu, na kundi la udhibiti, yaani la kulinganishia, halikuambiwa limdanganye mtu. Mwisho wakaulizwa kazi yenyewe waliionaje, kwenye kipimo cha −5 hadi +5. Wa dola 20 wakatoa wastani wa −0.05, wa udhibiti −0.45, na wa dola 1 wakatoa +1.35! Ukidanganya kwa hela ya maana una kisingizio, ukidanganya kwa dola 1 huna, basi unajikuta unaamini uongo wako mwenyewe, ndo hiyo disonansi ya fikra mnayoisikia, mgongano wa unachofanya na unachoamini.

Sasa nani kakuambia ni ile dola? Labda wa dola 1 walikuwa watu wa kuridhika na chochote, labda walilala vizuri, labda wanapenda vigingi, sijui. Hapo ndo kugawa kwa nasibu kunafanya kazi yake, kwa sababu wapenda vigingi wote walikuwa na nafasi ileile ya kuangukia kundi lolote, pamoja na kila tabia nyingine ambayo wewe na mimi hatujaifikiria. Wangeachwa wachague wenyewe kati ya dola 1 na 20 usingejua chochote, hata kama ungewaokota watu milioni moja kwa nasibu safi kutoka dunia nzima.

Na nasibu si ovyo. Hili linaniudhi kuliko yote. Nimeshasoma ripoti ya mwanafunzi, imeandikwa kwa kujiamini kabisa: "washiriki waligawanywa kwa nasibu, waliokaa dirishani kundi A, waliokaa mlangoni kundi B." Ndugu yangu! Anayekaa mlangoni kachelewa au anataka kutoka mapema, huyo si mtu yuleyule na wa dirishani. Mwingine alichukua kumi wa kwanza kufika. Mwingine akaniambia "niliwagawa tu hivi hivi kichwani," na kichwa cha mtafiti ndo mahali pa mwisho pa kutafuta nasibu, maana bila kujua anampeleka mchangamfu kwenye kundi analolipenda. Rusha sarafu, tumia jedwali la namba nasibu, tumia kompyuta, ila usitumie roho yako.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na mara nyingi linatoka kwa watu walewale. Eti "Milgram alionyesha asilimia 65 ya binadamu watakutesa wakiamriwa." Hapana. Kwenye jaribio lake la kuamriwa kumpiga mwenzako shoti za umeme (walidhani ni za kweli), waliotii mpaka mwisho walikuwa wanaume 26 kati ya 40 waliojitolea baada ya tangazo kule New Haven. Hiyo 65 si sensa ya ubinadamu. Uliposema wanafunzi 60 hawatoshi ulikuwa mkali, hapa wanaume 40 wamegeuka dunia nzima?

Ukitaka kumbana Festinger kwa haki, mbane hapa: walianza 71. Kumi na moja waliondolewa baada ya kugawanywa, wengine kwa kutilia shaka malipo, wengine walikataa kulipwa au walisema ukweli, na mmoja aliomba namba ya simu ya yule dada aliyetakiwa kudanganywa ili ampigie amweleze. Kila unayemtoa baada ya kugawa, unaing'oa nasibu kidogo. Mbona hili haliulizwi?

Na nikiri, 20 kwa kila kundi ni wachache kweli, si kwa sababu hawawakilishi jamii bali kwa sababu bahati haijapata nafasi ya kusawazisha mambo. Mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa na ni 36 tu kwa mia zilizotoa tena matokeo yenye uzito kitakwimu. Halafu 2024 maabara 39 zikajaribu disonansi kwa njia nyingine, ya kuandika insha inayopinga msimamo wako, zikiwa na washiriki karibu 4,900, na ile tofauti waliyoitarajia, kwamba aliyejiona ana hiari ya kuandika atabadili msimamo kuliko asiye nayo, haikuonekana. Mimi nimeifundisha hiyo tofauti muda mrefu kama jambo lililokwisha kabisa. Jana pia, dakika kama kumi kabla ya ule mkono.